Sarufi ya Panini na lugha za Mara

Sarufi ya Panini ni maelezo ya lugha ya Kisanskrit yaliyotungwa na Panini, mwanasarufi wa Uhindi ya kale, takriban karne ya 5 au ya 4 KK. Kitabu chake huitwa Ashtadhyayi, maana yake "sura nane". Kina kanuni fupi karibu 4,000.

Sarufi hiyo inajulikana leo hata kwa watu wasiojua neno moja la Kisanskrit, kwa sababu imepangwa kama programu ya kompyuta. Ina orodha za data, ina majina mafupi ya makundi ya sauti, ina kanuni za kubadilisha kitu kimoja kuwa kingine, na ina kanuni nyingine zinazoamua ipi kati ya hizo ifanye kazi.

Makala hii inaeleza jinsi inavyofanya kazi kwa kutumia mifano ya Kiswahili na ya lugha za Mkoa wa Mara nchini Tanzania na majirani zake. Kanuni tatu za Panini zinazotajwa mara nyingi vitabuni zinafanya kazi, karibu bila mabadiliko, katika maneno ambayo mtoto wa shule ya msingi Musoma, Bunda au Butiama huyatamka kila siku.

Panini na kitabu chake

Mapokeo yanasema Panini alitoka Shalatura katika eneo la Gandhara, ambalo leo ni kaskazini-magharibi mwa Pakistan. Habari za maisha yake ni chache mno. Kazi yake ilifafanuliwa na kukosolewa na Katyayana, kisha na Patanjali katika karne ya 2 KK, na imesomwa bila kukatika hadi leo. Kwa muda mrefu ilikaririwa kwa kichwa. Ndiyo sababu mojawapo kanuni zake ni fupi sana: baadhi zina silabi tano tu.

Kitabu hakisimami peke yake. Kinaambatana na orodha ya mizizi ya vitenzi ipatayo 2,000, orodha za maneno yanayofuata utaratibu maalumu, na orodha ya sauti katika mistari 14. Mtu anayejua kompyuta ataona mara moja kwamba data imetengwa na kanuni. Anayetaka kuunda neno huchukua mzizi, huongeza viambishi kulingana na maana anayoitaka, kisha huzipitisha sehemu hizo katika kanuni za sauti hadi pasiwe na kanuni nyingine inayohusika. Hatua zenye mpangilio wa aina hiyo, zinazoanza na kitu kinachojulikana na kuishia kwenye jibu, huitwa algoriti.

Anwani za sauti

Orodha ya mistari 14 inastahili kuelezwa peke yake. Kila mstari unataja sauti chache na kuishia kwa herufi moja ambayo haihesabiwi kama sauti. Kazi yake ni alama tu, kama kigingi cha mpaka wa shamba. Ukitaja sauti moja na kigingi kinachofuata, umetaja sauti zote zilizo kati yao. Kwa njia hiyo ac ni irabu zote, kuanzia a hadi kigingi c. Jina ik linataja i, u na zile r na l za Kisanskrit zinazotumika kama irabu. Jina yan linataja y, v, r, l.

Sasa Panini anaweza kuandika kanuni kwa maneno matatu mafupi: ik inageuka yan ikifuatwa na ac. Lakini neno "inageuka" na neno "ikifuatwa" hayaandiki. Alitumia maumbo ya kawaida ya nomino za Kisanskrit, zile zinazoonyesha umilikaji, mahali na chanzo, na kuyapa kazi mpya ndani ya kitabu. Neno lenye umbo la umilikaji ndilo linalobadilishwa. Neno lenye umbo la mahali ndilo linalofuata baada ya badiliko. Neno lenye umbo la chanzo ndilo linalotangulia. Maana hizo zimeelezwa katika sura ya kwanza, na baada ya hapo msomaji anatakiwa kuzikumbuka. Kwa maneno mengine, Panini alijitengenezea lugha ya kuandikia kanuni ndani ya lugha ileile aliyokuwa anaieleza.

Neno "-ingi" na kanuni tatu

Tuchukue kivumishi cha Kiswahili -ingi. Tukikiambatanisha na viambishi vya ngeli tunapata mwingi, wengi na vingi. Mwanafunzi hufundishwa maumbo haya kama orodha ya kukariri, lakini yote yanatokana na kanuni.

Mu + ingi ni mwingi. Irabu u imekutana na irabu nyingine, ikageuka kuwa w. Hii ndiyo kanuni ya ik na yan iliyotajwa hapo juu, isipokuwa Kisanskrit huandikwa v mahali ambapo sisi tuna w. Kwa Kisanskrit, su (vizuri) na agata (aliyefika) huwa svagata, yaani karibu. Kijita, lugha ya Wabantu inayozungumzwa pwani ya Ziwa Viktoria katika maeneo ya Musoma na Bunda, nacho kina omwana kutoka omu + ana. Hata jina la heshima la mtu mashuhuri kuliko wote waliozaliwa Butiama limepitia hapo. Mwalimu ni neno la asili ya Kiarabu, muallim, lakini Kiswahili kilichukua ile mu ya mwanzo kana kwamba ni kiambishi cha ngeli, kikaigeuza mw mbele ya irabu, kisha kikatengeneza wingi wake, walimu.

Wa + ingi ni wengi. Hapa a na i zimeungana kuwa e. Vivyo hivyo ma + ingine ni mengine na ma + ino ni meno. Panini ana kanuni hiyohiyo: a ikikutana na i hupatikana e, ikikutana na u hupatikana o. Msomaji anaweza kuiona katika majina ya Kihindi yanayofahamika Afrika Mashariki: Mahendra ni maha (mkuu) + Indra, na Ganesh ni gana (kundi) + isha (bwana).

Vi + ingi ni vingi. Kwa kanuni ya kwanza tungetegemea "vyingi", kwa kuwa i imefuatwa na irabu. Lakini irabu zinazofanana zikikutana huungana kuwa moja, na kanuni hii huishinda ile ya kwanza. Kwa Panini ni hivyohivyo, na irabu inayopatikana huwa ndefu: Ravindra ni ravi (jua) + Indra, haiwi "Ravyindra". Linganisha na kivumishi -ote, ambacho hakianzi kwa i: vi + ote ni vyote, kama kanuni ya kwanza inavyotaka.

Kufanana huku hakumaanishi kwamba Kibantu na Kisanskrit vina undugu. Havina. Sababu iko mdomoni: irabu mbili zikifuatana ulimi hutafuta njia fupi, na njia fupi si nyingi. Tena zipo tofauti. Wa + ote kwa Kiswahili ni wote, na ma + ema ni mema. Kisanskrit katika hali hiyo kingetoa au na ai.

Kiatu na chatu

Kanuni moja inaweza kuhitaji kazi ya nyingine. Chakula kimetokana na ki + akula. Kwanza i inageuka y, tunapata "kyakula". Kisha ky inageuka ch, tunapata chakula. Wingi wake, vyakula, umepitia hatua ya kwanza tu kwa kuwa vy haiguswi na kanuni ya pili. Ukizipanga kinyume, kanuni ya pili itatafuta ky na kuikosa, halafu ya kwanza itazalisha "kyakula" na kuiacha hivyo. Mtu aliyewahi kuandika programu amekutana na kosa la namna hii: kila mstari ni sahihi, mpangilio ndio mbovu.

Kosa la pili ni kanuni kuvuka mpaka wake. Kompyuta ikiambiwa kwamba ki mbele ya irabu huwa ch, bila kuambiwa zaidi, itachukua ki + atu na kugeuza kiatu kuwa chatu. Ikiambiwa kwamba a + i ni e, itachukua wa + imbaji na kutoa "wembaji". Kiswahili husema waimbaji, waigizaji, waislamu. Kuungana kwa a na i kunahusu vivumishi na nomino chache za zamani kama meno na wezi. Nomino zinazoundwa kutokana na vitenzi haziguswi. Na bado kuna macho, ambayo kwa kanuni yangekuwa "mecho". Ku + enda ni kwenda, lakini ku + imba hubaki kuimba. Mwaka una wingi miaka, si "myaka".

Sehemu kubwa ya kitabu cha Panini ni kazi ya namna hiyo. Kanuni za jumla si nyingi. Zinazochukua nafasi ni zile zinazosema wapi kanuni ya jumla isitumike. Alifuata utaratibu kwamba kanuni maalumu huishinda ya jumla, kwa hiyo hakulazimika kurudia masharti kila mahali. Aliandika ya jumla mara moja, kisha akaichonga.

Kanuni zinapogombana

Zikiwa kanuni mbili zinafaa kwa wakati mmoja na hakuna iliyo maalumu zaidi ya nyingine, Panini ana kanuni inayosema ya baadaye ndiyo ifanye kazi. Kwa karne nyingi wafafanuzi wameielewa kuwa "iliyoandikwa baadaye kitabuni". Katyayana na waliomfuata waliona kwamba tafsiri hiyo hutoa maneno yasiyo sahihi mahali fulani, wakaongeza masharti mengi ya kurekebisha. Mwaka 2022 Rishi Rajpopat wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipendekeza kwamba "baadaye" maana yake ni upande wa kulia wa neno: kanuni inayohusu sehemu ya kulia ishinde ile ya kushoto. Magazeti mengi yaliandika kwamba fumbo la miaka 2,500 limetatuliwa. Wataalamu wa Kisanskrit hawakukubaliana wote, na mjadala unaendelea.

Pamoja na hiyo kuna mbinu nyingine. Robo tatu za mwisho za sura ya nane zimewekwa chini ya sharti kwamba matokeo ya kanuni zake hayaonekani kwa kanuni zilizotangulia. Badiliko limefanyika, lakini kanuni za nyuma zinaendelea kufanya kazi kana kwamba halijafanyika. Jambo hili linasikika kama ujanja wa kitabuni hadi mtu akutane nalo katika lugha hai, na Afrika Mashariki ni mahali pazuri pa kukutana nalo, kama inavyoonyeshwa hapa chini.

Igikuria, Ekegusii na Sheria ya Dahl

Wakuria wa Tarime na wa upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya, huita lugha yao Igikuria. Majirani zao Wakisii huita yao Ekegusii. Kiambishi ni kilekile, sawa na ki ya Kiswahili, na kwa asili kina k. Kwa nini basi Wakuria wanasema g?

Sababu ni sauti inayofuata. Shina kuria linaanza na k, sauti sighuna, yaani inayotamkwa bila nyuzi za koo kutetema. Shina gusii linaanza na g, ambayo ni ghuna. Kanuni ni hii: k ya kiambishi hugeuka g ikiwa konsonanti ya silabi inayofuata ni sighuna. Kwa hiyo mbele ya kuria tunapata g, na mbele ya gusii k inabaki. Kikisii nacho kina kanuni hiyo, ndiyo maana kikombe huitwa egekombe. Kikikuyu pia: Gĩkũyũ kina g kwa sababu ya k inayofuata, huku Kĩrĩnyaga, jina la Mlima Kenya, ukibaki na k kwa kuwa r ni ghuna.

Kanuni hii huitwa Sheria ya Dahl. Jina hilo lilitolewa na Mjerumani Carl Meinhof mwaka 1903 kwa heshima ya Edmund Dahl, mmisionari wa Moravian aliyeiona katika Kinyamwezi. Katika Kinyamwezi na Kisukuma alama yake inaonekana katika tarakimu: Kiswahili husema -tatu, wao husema -datu. Wanaisimu wameilinganisha na badiliko la Kisanskrit ambapo mzizi dha (weka) ukirudiwa huwa da-dha, kwani ile pumzi ya dh haitamkwi mara mbili mfululizo. Panini ana kanuni kwa ajili ya hilo pia.

Tofauti ya i na e katika majina hayo mawili ni suala lingine. Kikuria kina kanuni ya ziada inayoinua irabu za kiambishi zifanane na irabu ya juu iliyo katika shina: kuria ina u, kwa hiyo e zinainuka kuwa i. Kikisii hakina kanuni hiyo, ndiyo sababu gusii yenye u imebaki na eke. Lugha mbili jirani, kiambishi kimoja, na tofauti nzima inaelezwa kwa kusema kwamba moja ina kanuni mbili na nyingine ina moja.

Sasa turudi kwenye badiliko lisiloonekana. Kwa Kikikuyu, Kizungu ni Gĩthũngũ. Lakini th ya Kikikuyu siku hizi hutamkwa karibu kama dh ya Kiswahili katika "dhahabu", yaani ni ghuna. Kwa Sheria ya Dahl k ilipaswa kubaki. Kanuni inafanya kazi kana kwamba th bado ni sighuna, kama ilivyokuwa zamani. Panini angelieleza jambo hili kwa urahisi: kanuni ya kutia ughuna kwenye th ingewekwa mwishoni, mahali ambapo matokeo yake hayaonekani kwa kanuni iliyotangulia.

Kuhesabu hadi nne

Kikuria kina jambo jingine lililowashughulisha wanaisimu. Ni lugha ya toni, na toni ya juu ya kitenzi huwekwa kwa kuhesabu. Kipimo ni mora: irabu fupi ni mora moja, irabu ndefu ni mbili. (Panini naye alipima irabu hivyohivyo, akaongeza irabu ya mora tatu kwa kuita mtu aliye mbali; wafafanuzi wake hupenda kuufananisha mfululizo huo na mlio wa jogoo.) Kutegemea wakati na hali ya kitenzi, toni ya juu hutua kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne, kisha huenea kuelekea mwisho wa neno. Umbo lenye maana ya "tuko karibu kufanya" ndilo linalohesabu hadi nne. Leonard Chacha Mwita aliandika tasnifu kuhusu toni za vitenzi vya Kikuria mwaka 2008, na baadaye akachapisha uchambuzi zaidi pamoja na Michael Marlo na Mary Paster.

Nadharia nyingi za toni zinadai kwamba lugha hazihesabu kupita mbili, na Kikuria kimezipa taabu. Kwa kompyuta taabu hiyo haipo. Mashine ndogo yenye hali tano inatosha: inaanza kwenye sifuri, inasonga hatua moja kwa kila mora, na ikifika nne inaweka toni. Haihitaji kukumbuka chochote zaidi ya hatua iliyopo. Kilicho kigumu kwa nadharia moja kinaweza kuwa chepesi katika nyingine. Hata hivyo anayeandika kanuni anapaswa pia kusema nini kifanyike iwapo kitenzi ni kifupi na mora nne hazipo.

Kutoka kwa Panini hadi kompyuta

Otto Böhtlingk alichapisha kitabu cha Panini mjini Bonn mwaka 1839 na 1840. Wanaisimu wa Ulaya na Marekani walikisoma. Leonard Bloomfield, kwa mfano, alikisifu sana. Mwaka 1959 John Backus alibuni namna ya kuandika sarufi ya lugha za programu, na Peter Naur akaitumia katika taarifa ya lugha ya Algol 60. Mwaka 1967 Peter Ingerman aliandika barua katika jarida la wanakompyuta akipendekeza namna hiyo iitwe "umbo la Panini na Backus", kwa kuwa Mhindi alitangulia. Ni pendekezo la heshima, lakini mlinganisho si kamili. Kanuni za Backus hazitazami jirani. Za Panini karibu zote huuliza nini kinatangulia na nini kinafuata.

Aliye karibu zaidi na Panini ni Noam Chomsky na Morris Halle, ambao mwaka 1968 walitumia kanuni za sauti zenye umbo la "A inakuwa B kati ya C na D" kwa Kiingereza. Mwaka 1972 C. Douglas Johnson alionyesha kwamba kanuni za namna hiyo, zikiwekewa mpaka mmoja tu, zinaweza kutekelezwa na mashine zenye hali chache kama ile ya toni za Kikuria. Kimmo Koskenniemi wa Helsinki, Finland, alitengeneza mfumo wa kufanya hivyo mwaka 1983. Miaka miwili baadaye Arvi Hurskainen, wa chuo kikuu hichohicho, alianza kuutumia kwa Kiswahili. Mfumo wake uliitwa SWATWOL, na ulikua kuwa SALAMA. Ukiupa neno kama hatutawasomea, huligawa: ha ya kukanusha, tu, ta ya wakati ujao, wa, shina som, e ya kutendea, a. Kanuni ya irabu imo pia: baada ya e au o kiambishi cha kutendea huwa e (somea, letea), na baada ya a, i au u huwa i (katia, pigia, fungia).

Katika mfumo wa Koskenniemi kanuni zote hufanya kazi kwa pamoja, bila ya kupangwa moja baada ya nyingine. Kwa hilo ameachana na Panini.

Dai kuhusu NASA

Mwaka 1985 Rick Briggs, aliyekuwa mtafiti katika kituo cha NASA, alichapisha makala katika jarida la akili bandia. Alisema kwamba namna wanasarufi wa Kisanskrit walivyofafanua maana ya sentensi inafanana na namna wataalamu wa kompyuta walivyokuwa wakihifadhi maarifa. Tangu hapo limeenea dai kwamba NASA imethibitisha Kisanskrit kuwa lugha bora kuliko zote kwa kompyuta. Makala haikusema hivyo, na hakuna lugha ya programu inayotumika sana iliyojengwa juu ya Kisanskrit. Dai hilo linampunguzia Panini sifa yake halisi kwa kuihamishia kwenye lugha. Kisanskrit kina vighairi kama lugha nyingine yoyote. Utaratibu uko katika maelezo aliyoyaandika. Maelezo ya namna hiyo yanaweza kuandikwa kwa Kizanaki au Kiikizu.

Hali ya lugha za Mara

Mkoa wa Mara una lugha nyingi kwa eneo lake. Kizanaki kinazungumzwa hasa Butiama, Kikwaya, Kiruuri na Kijita upande wa Musoma na pwani ya ziwa, Kijita, Kiikizu na Kisizaki huko Bunda, Kikuria Tarime, Kingoreme na Kiikoma katika Serengeti. Kiluo, ambacho si cha Kibantu, kinatumika Rorya. Shuleni hutumika Kiswahili na Kiingereza, na maandishi katika lugha hizo nyingine ni machache.

Uchache huo ndio tatizo kwenye kompyuta. Programu za kutafsiri na kusahihisha za miaka hii hujifunza kwa kusoma maandishi mengi mno, mamilioni ya sentensi. Lugha isiyo na maandishi hayo hubaki nje. Njia ya kanuni inahitaji vitu vingine: orodha ya mizizi, orodha ya viambishi, na mtu aliyeelewa mabadiliko ya sauti kiasi cha kuyaandika bila utata. Chuo Kikuu cha Tromsø nchini Norwe kimetengeneza kwa njia hiyo visahihishaji vya tahajia kwa lugha za Wasami, ambazo baadhi zina wazungumzaji mia chache tu.

Sehemu ya kazi imekwishafanyika Mara. David Massamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye wanafunzi wengi wanamfahamu kwa vitabu vyake vya isimu ya Kiswahili, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1982 kuhusu mkazo na toni katika Kiruuri. Laura Downing ameandika kuhusu toni za Kijita. Lotta Aunio na Rasmus Bernander wamechapisha tafiti kuhusu lugha kadhaa za mkoa huo. Mjini Musoma shirika la SIL, pamoja na wazungumzaji wenyeji, limeandaa tahajia za lugha kadhaa.

Tahajia ndiyo hatua inayokwamisha mara nyingi. Kikuria kina irabu saba, na alfabeti ya Kiswahili ina tano. Zile mbili za ziada zisipopewa herufi zao, maneno mawili tofauti huandikwa sawa, na kanuni ya kuinua irabu haiwezi kuandikwa kabisa kwa sababu kompyuta haioni irabu ipi imeinuka. Toni nazo kwa kawaida haziandikwi, ingawa katika vitenzi ndizo zinazoweza kutofautisha wakati mmoja na mwingine. Panini hakukutana na tatizo hili: alianza kwa kuorodhesha sauti zenyewe, katika mistari 14, kabla ya kanuni ya kwanza.